Wajibu wa Ligi Hauishii Lugogo

Tarehe 25 Juni 2025, huko Brooklyn, New York, timu za NBA zilipoketi kuchagua wachezaji wapya, jina la kumi kusomwa lilikuwa la Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini. Familia yake ilikimbia vita ikaingia Uganda, naye akakulia Kawempe, Kampala. Mwaka mmoja na ushei kabla ya usiku huo, Aprili 2024, alikuwa Cairo amevaa jezi ya City Oilers, klabu ya Uganda, katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Waganda wana haki ya kufurahi. Viongozi wa mchezo huu hawana haki ya kujipongeza, na tahariri hii inaeleza kwa nini.

Tuifuate safari yake hatua kwa hatua. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 2019 alikuwa akitembea kwa miguu, mtu asiyemjua akauona urefu wake, akamwambia mwili kama huo ni wa mpira wa kikapu. Akaenda. Uwanja ulikuwa mbali, mwendo wa kama saa moja kwa miguu, na raba hakuwa nazo. Mwaka 2021 alichukuliwa na chuo cha NBA cha Afrika kilichoko Saly, Senegal. Akacheza BAL ya mwaka 2022 na Cobra Sport ya Sudan Kusini, kisha ya mwaka 2023 na AS Douanes ya Senegal iliyofika fainali. Ndipo mwaka 2024 akaletwa City Oilers. Aliletwa kwa mpango wa BAL unaoitwa Elevate, ambao huigawia kila klabu mchezaji mmoja wa chuo hicho cha Saly.

Msomaji apime maana yake. Klabu ya Kampala ilimpokea kutoka Senegal kijana aliyekulia Kampala. Ligi yetu kuu, ambayo michezo yake huchezwa katika jiji alilokulia, haikuwa na njia ya kumtafuta, kumwandikisha, kumlea na kumkuza hadi ngazi hiyo. City Oilers ilimpata baada ya wengine kuifanya kazi hiyo, ikamtumia kwa michezo michache, kisha akaenda zake: Olimpiki ya Paris na timu ya Sudan Kusini, Chuo Kikuu cha Duke, na hatimaye Phoenix Suns. Kijana mrefu kuliko wote mtaani alionekana kwa bahati. Sasa tujiulize juu ya wale ambao hakuna mpita njia aliyewasimamisha.

Kwa msomaji wa Mbarara na wa Nakivale swali hili ni la nyumbani. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958, kabla Uganda haijapata uhuru, kuwapokea watu waliokuwa wakitoka Rwanda. Leo ina watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na uwanjani. Wengi wao wametoka katika nchi zinazoupenda mchezo huu tangu zamani. Bujumbura ina klabu zenye historia, Urunani na Dynamo kati yake. Bukavu na Goma basketi ni mchezo wa mitaani kama kandanda. Mapenzi hayo hayakubaki mpakani. Watoto wa miaka 14 wenye miili, mbio na akili ya mchezo wapo Juru, wapo Rubondo, wapo Base Camp. Kinachokosekana ni wa kuwajibika kwao.

Misimu hii ya karibuni imetupa masomo matatu, na kila moja linamtaja mwenye wajibu.

Somo la kwanza ni la kiwango. BAL ilizaliwa kwa ubia wa NBA na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, na msimu wake wa kwanza ulichezwa Kigali mwezi Mei 2021. Uganda ilingoja hadi mwaka 2023 kuingiza klabu, nayo ilikuwa City Oilers, waliotwaa ubingwa wa nchi mara saba mfululizo kuanzia mwaka 2013 hadi 2019. Walirudi mwaka 2024, wakaishia Cairo katika hatua ya makundi, huku klabu nane zikiendelea Kigali na Petro de Luanda ya Angola ikiwafunga Al Ahly ya Benghazi 107 kwa 94 katika fainali ya Juni 1. Mwaka 2025 kati ya klabu 12 za BAL hapakuwa na hata moja ya Uganda. Nairobi City Thunder waliingia, wakiwa klabu ya kwanza kutoka Kenya. APR ya Rwanda ilishika nafasi ya tatu. Ubingwa ulikwenda Tripoli.

Hatusemi haya kuwabeza wachezaji. Vipaji havijawahi kuwa tatizo la nchi hii. Mwaka 2021, kwenye mashindano ya AfroBasket mjini Kigali, timu ya taifa, Silverbacks, iliitoa Nigeria 80 kwa 68 ikafika robo fainali. Tatizo ni upana wa chombo tunachochotea. Ligi inayoitwa ya taifa huchezwa kwa sehemu kubwa Kampala, kwenye ukumbi wa Lugogo, na klabu zake zenye nguvu ni za Kampala na vyuo vilivyo karibu nayo. Kutoka Mbarara hadi Lugogo ni kilomita kama 270. Kwa kijana wa Nakivale ongeza safari ya zaidi ya saa moja hadi Mbarara, ongeza nauli ambayo ni chakula cha nyumba nzima. Kwa barabara, Kigali yenye BK Arena, ukumbi wa watazamaji 10,000, haiko mbali na Mbarara kuliko ilivyo Kampala. Kwa kipimo hicho kijana wa magharibi ana ukumbi wa kimataifa upande wa kusini na ligi ya taifa lake upande wa mashariki, na hakuna hata kimoja kinachomfikia.

Shirikisho la mpira wa kikapu nchini, FUBA, linabeba jina la nchi nzima. Jina hilo lina gharama. Mwenye kulibeba anawajibika kwa Mbarara, Gulu, Arua na Mbale kwa uzito uleule anaowajibika kwa Kampala. Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu mwaka 1989, ina shule kubwa za sekondari, ina wafanyabiashara wenye uwezo wa kudhamini. Jiji la namna hiyo kukosa mahali pa kudumu katika kalenda ya ligi kuu ni uzembe, na uzembe wa muda mrefu haugeuki kuwa utaratibu kwa sababu tu umezoeleka.

Somo la pili ni la ulinzi wa wachezaji, nalo lilitolewa kwa machungu Machi 2024 mjini Pretoria. Dynamo ya Bujumbura ilifika BAL. Jezi za ligi hiyo hubeba maneno ya kutangaza utalii wa Rwanda, ambayo ni mdhamini wa mashindano. Wakati huo Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari. Dynamo walishinda mchezo wao wa kwanza maneno hayo yakiwa yamefunikwa. Baada ya hapo ligi ikashikilia kanuni zake za mavazi, klabu ikakataa kuyavaa, ikapoteza michezo miwili mezani, ikaondolewa. Vijana waliofanya mazoezi miaka yote wapate siku hiyo walirudi nyumbani bila kufungwa na mpinzani yeyote uwanjani.

Gazeti hili haliingii katika ugomvi wa serikali mbili. Tunasema hivi: udhamini haukuwa siri, na kanuni za jezi hazikutungwa Pretoria. Waliokuwa na wajibu wa kulimaliza jambo hilo mezani kabla ya ndege kupaa ni viongozi wa michezo wa Burundi kwa upande mmoja na waendeshaji wa ligi kwa upande wa pili. Wote waliliacha likawafika wachezaji. Kiongozi wa michezo anayemwachia mchezaji wa miaka 22 achague kati ya kanuni za ligi na amri ya nchi yake amekwepa kazi aliyopewa.

Nakivale wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Huko Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wanateka maji pamoja na watoto wao wanakaa dawati moja. Makazi hayo yamebeba kwa miaka zaidi ya 60 mzigo ambao serikali za eneo hili zimeshindwa kuumaliza. Kama kuna mahali ambapo timu moja inaweza kuwa na vijana wa mataifa manne yanayotazamana kwa jicho baya, ni hapo. Lakini timu kama hiyo itahitaji viongozi wanaoandika kanuni mapema, wanaozisoma kwa sauti mbele ya wachezaji na wazazi, na wanaosimama mbele siasa inapobisha hodi. Ikikosa viongozi wa aina hiyo, tutarudia Pretoria kwa kiwango cha kijiji.

Somo la tatu ni la karatasi. Mchezo wa kulipwa huendeshwa kwa nyaraka: cheti cha umri, kadi ya usajili, barua ya uhamisho, hati ya kusafiria. Kijana mkimbizi anaweza kumpita kila beki uwanjani akakwama kwenye meza ya karani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi na ya kutembea ndani ya nchi, na kwa haki Uganda inasifiwa duniani. Sifa hiyo inaidai Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia mambo ya wakimbizi, utekelezaji. Kijana anapoitwa Kampala kwa majaribio, barua na kadi yake zitoke kabla ya majaribio kuisha. Timu inapokwenda nje ya nchi, hati ya kusafiria ya mkimbizi isifike wakati wenzake wamesharudi. Karani anayechelewesha faili kwa wiki tatu huenda hajui kwamba amefunga mlango ambao katika maisha ya mchezaji hufunguka mara moja. Ni wajibu wa mkuu wake amjulishe, na amsimamie.

Hapo FUBA nayo ina jambo la kuamua kwa maandishi. Kijana aliyezaliwa au kulelewa Nakivale, aliyesoma shule za Isingiro na Mbarara, asihesabiwe katika usajili wa ligi sawa na mchezaji wa kulipwa anayeletwa kwa ndege msimu mmoja na kuondoka. Timu ya taifa ina kanuni za uraia zilizowekwa na FIBA, nazo ziheshimiwe. Ligi ya ndani ni mali yetu, na kanuni zake zinaandikwa na watu wetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mwenye ligi dhaifu ana kila sababu ya kufungua mlango.

Kuna watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumza kikapu. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limewagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kipimo cha shida, na mwaka 2025 msaada wa chakula ulikatwa kwa watu wapatao milioni moja. Nyumba nyingi za Nakivale zinakula mara moja kwa siku. Swali hilo ni la haki na tunalijibu kwa heshima. Hakuna anayedai pesa ya unga ikanunue mipira. Bajeti ya michezo ya taifa ipo tayari, wadhamini wa ligi wapo tayari, na klabu zinasafiri tayari. Tunachodai ni sehemu ya kile kinachotumika sasa ivuke Masaka ifike magharibi. Tena kijana mwenye njaa na asiye na shughuli hukaa karibu sana na wanaotafuta mikono ya kubeba bunduki katika ukanda huu. Mwalimu wa mchezo anayemkuta kila jioni saa kumi, akimjua kwa jina na kumwuliza habari za shule, anaifanyia nchi kazi ya usalama.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya shirikisho. Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, imelipa Baraza la Taifa la Michezo mamlaka ya kuyasajili na kuyasimamia mashirikisho. Mamlaka yasiyotumika ni cheo kitupu. Baraza lidai kutoka FUBA taarifa ya kila mwaka inayoonyesha shilingi ngapi zilitumika nje ya Kampala, viwanja vingapi vilitembelewa, makocha na waamuzi wangapi walifunzwa katika kila kanda. Taarifa hiyo itangazwe, wananchi waisome. Nchi iliyoamua kujenga uwanja mpya wa kandanda Hoima kwa ajili ya AFCON 2027 haiwezi kudai kwamba haina uwezo wa sakafu ngumu, magoli manne na taa katika jiji la Mbarara.

Halmashauri ya Jiji la Mbarara, Chuo Kikuu na shule za sekondari zina wajibu wao, nao ni mwepesi kuliko wote: kufungua mageti. Uwanja wa shule unaofungwa kwa kufuli Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi ni mali ya umma iliyolala. Wakuu wa taasisi wakae, wapange saa, waweke msimamizi, na vijana wa mjini na wa makazi wacheze pamoja mwisho wa wiki. Mashindano ya shule za sekondari yamekuwa chemchemi ya wachezaji wa nchi hii kwa miaka mingi. Shule za ndani ya Nakivale zipate nafasi sawa ya kushiriki mchujo wa wilaya, na basi la kuwafikisha.

Wasichana wasiachwe mwisho wa foleni. Mara nyingi uwanja ukiwa mmoja, wavulana huushika hadi giza, na msichana huambiwa asubiri kisha arudi nyumbani peke yake usiku. Saa za wasichana ziandikwe kwenye ratiba, ziwe mchana, ziwe na mwalimu mwanamke, na atakayezivunja aondolewe uwanjani bila mjadala. Uganda ina ligi ya wanawake na timu ya taifa, Gazelles, inayoheshimika barani. Njia ya kuifikia ianzie Isingiro pia.

Kwa makocha na mawakala tuna neno kali zaidi. Habari za Maluach zitaleta watu Nakivale. Baadhi watakuja na nia njema. Wengine watakuja na ahadi za Marekani, wakitaka pesa ya pasipoti kutoka kwa mama anayeuza dagaa, wakipunguza umri wa kijana kwenye karatasi, wakimtoa mtoto shuleni akalale kwenye chumba cha watu wanane mjini. FIBA inakataza kwa kawaida uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu. Mzazi alijue hilo, na akiambiwa vinginevyo apeleke habari polisi na kwa viongozi wa makazi. FUBA itunze orodha ya makocha na mawakala inaowatambua, ibandikwe ofisini na shuleni, na anayefanya kazi bila jina lake kuwamo achukuliwe hatua. Kumwibia mtoto ndoto yake ni wizi kama wizi mwingine, na mkimbizi anastahili ulinzi wa sheria kama mwananchi.

Kwa vijana wenyewe, wajibu haukosi. Kati ya maelfu watakaoushika mpira, wachache mno watalipwa kwa kuucheza. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009, na ikapita miaka 16 ndipo kijana aliyekulia Afrika Mashariki akasomwa tena ndani ya kumi bora. Asiache shule mtu kwa sababu ya mchezo. Afike mazoezini kwa wakati, amheshimu mwamuzi, amtunze mwenzake wa taifa lingine. Mwenye nidhamu hiyo atafaidika hata kama hatapanda ndege kamwe, kwa kuwa ligi inahitaji waamuzi, makocha, wauguzi, wahasibu na waandishi wa takwimu, na kazi zote hizo zinaweza kufanywa na mtu aliyejifunza mchezo kwenye udongo wa Nakivale.

Tunamaliza kwa madai yanayopimika. Kabla kipenga cha msimu ujao hakijapulizwa, FUBA itangaze kanda ya magharibi yenye makao Mbarara, mratibu wake na bajeti yake. Iweke angalau michezo miwili ya ligi kuu, ya wanaume na ya wanawake, katika jiji hilo. Iandike kanuni ya usajili wa wachezaji wakimbizi na kuichapisha. Ofisi ya Waziri Mkuu imteue afisa mmoja wa kushughulikia nyaraka za wanamichezo wa makazi, na jina la cheo chake lijulikane hadi kijijini. Klabu za ligi kuu zilete makocha wao Nakivale mara mbili kwa mwaka kufanya majaribio ya wazi, chini ya usimamizi wa walimu na wazazi. Baraza la Taifa la Michezo lipokee taarifa ya utekelezaji na kuisoma hadharani msimu ukiisha.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya wala mfadhili wa ng'ambo. Yanahitaji watu wenye vyeo wafanye kazi ya vyeo vyao. Atakayeona mzigo huu ni mzito aseme sasa na ampishe mwingine, kwa sababu mtoto aliye na miaka 14 leo atakuwa na 18 baada ya misimu minne, na hakuna mkutano wa shirikisho utakaomrudishia miaka hiyo.